Daftari la Chini

Flaviana wa dirishani hakupendwa, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa wasiompenda. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi la zahanati yetu, huku pembezoni mwa Temeke, na sikuwahi kumwona akimchekea mtu wala kumbeba mtu. Ukifika, unatia daftari lako la matibabu kwenye beseni la bluu chini ya dirisha, unakaa kwenye benchi, unasubiri jina. Ukimsogelea kumweleza shida, jibu lake lilikuwa moja: “Daftari ndilo linaongea, siyo mdomo.”

Alitoka Muleba akiwa bibi harusi. Mume akafa mapema, yeye akamlea mwanawe Projestus kwa kazi hiyo hiyo ya ukarani mpaka kijana akawa fundi umeme. Hongo hakupokea hata siku moja. Mjumbe wa nyumba kumi mwenyewe alisubiri kwenye benchi kama sisi. Haki ndiyo iliyokuwa fahari yake, na alituringishia mpaka ikatukera.

Mwaka jana halmashauri ilileta mradi wa kuboresha huduma. Bwana Rogers, msimamizi wake, hakutaka semina wala mabango ukutani. Alitaka kila mtumishi akae siku moja upande wa wagonjwa: avue sare, afike alfajiri, amfuate mgonjwa mmoja mpaka apate dawa, aandike kila anachokiona na saa yake. Sharti lilikuwa asiingilie kitu chochote, maana akiingilia hataona mambo yanavyokwenda kila siku.

Flaviana alikuja juu. “Mie nikafundishwe foleni? Foleni ya hapa naijua kuliko jiko langu!”

Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya zahanati. Nilimwambia kamati imeshapitisha, aache maneno. Nakiri nilifurahi kumwona amebanwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Ya alfajiri niliyasoma baadaye kwenye maandishi yake. Saa kumi na moja na nusu alimkuta mama mmoja peke yake kwenye benchi, Ahlam, mgeni mtaani. Alikuwa amempakata mwanawe Khalil wa mwaka mmoja na nusu, mwili unawaka moto. Mumewe alikuwa ameshaondoka kwenda kufungua duka Buguruni. Daftari la Khalil lilikuwa la kwanza kuingia kwenye beseni, na Flaviana akamwambia: “Umewahi, mwanangu. Dirisha likifunguliwa tu, ni wewe.”

Saa moja na robo nikafika mimi na daftari langu la presha. Beseni lilikuwa limejaa. Nikaliweka langu juu kabisa, nikakaa; baada yangu hakuja mwingine.

Saa mbili, Recho, aliyemshikia Flaviana zamu, akafungua dirisha. Akachukua madaftari kama alivyofundishwa, la juu kwanza.

“Mwalimu Sekela!”

Nikaingia, nikapimwa, nikatoka. Akaitwa mzee Badru, aliyefika dakika tano kabla yangu. Akaitwa aliyefika kabla ya mzee Badru. Flaviana alikuwa akiandika, kisha kalamu ikasimama. Akalitazama beseni, akamtazama Ahlam. Miaka yote ile alifika saa moja na nusu na kukuta beseni limejaa, akaingia ndani. Nani aliwahi na nani alichelewa, hakuona kamwe. Waliolalamika aliwaambia kwamba kila mtu husema amewahi.

Sisi wakongwe tulijua. Anayewahi daftari lake linalala chini na yeye anatibiwa mwisho, kwa hiyo tuliacha kuwahi. Tulinyamaza kwa sababu ilitufaa.

Saa tatu kasoro robo Ahlam aliinuka, akaenda dirishani. “Sista, mtoto anapumua vibaya.”

Recho hakuinua kichwa. “Daftari ndilo linaongea, mama. Kaa utaitwa.”

Flaviana alifumba macho. Nilimwona akimtafuta Rogers, ambaye alikuwa upande wa pili wa ua na wagonjwa wa kliniki ya macho. Sharti ni sharti, na yeye alikuwa mtu wa masharti. Likaitwa jina jingine, na jingine tena. Mimi nilikuwa nasubiri vidonge vyangu, na bado sikusema neno.

Ndipo Khalil akakakamaa. Macho yakageuka, mikono ikaanza kurukaruka.

“Yarabi! Mwanangu!”

Flaviana alitupa karatasi. Hakutafuta daftari lolote. Alimpokonya Ahlam mtoto, akaupiga mlango wa daktari teke, akaingia naye huku mgonjwa mwingine akiwa bado kitandani. Nilizisikia sauti zao ndani. Baada ya dakika ishirini mtoto akatolewa amelegea, na Rogers akampakia na mama yake kwenye bajaji, akaenda nao hospitali.

Recho naye alikuwa amekimbilia ndani, dirisha likabaki wazi bila mtu. Tulikaa hivyo, wagonjwa thelathini na zaidi, hakuna aliyedai kuitwa.

Saa tano kasoro robo simu ya Flaviana ikalia. Ilikuwa malaria kali, Rogers alisema, lakini degedege limekoma, mtoto amefungua macho na anamlilia mama yake. Daktari wa huko alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Flaviana alijifunika uso kwa kitenge akalia, na sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile.

Alipomaliza alisimama mbele ya benchi.

“Nani alikuwa anajua?”

Mzee Badru aliinama kutazama viatu vyake.

“Miaka kumi na tisa nawaweka mwisho wanaowahi. Nyie mlikuwa mnaniona. Nani alikuwa anajua?”

Niliinua mkono. Sijui niliupata wapi ujasiri, labda aibu ilikuwa imenizidi.

“Mwalimu? Na kwenye kamati unakaaga?”

“Nakaaga, mama Projestus.”

“Na malalamiko ya foleni yanaletwa kwako?”

“Yanaletwa kwangu.”

Nilitaka anifokee. Hakufoka. Aliokota karatasi zake sakafuni, akazipanga, akanipa pamoja na kalamu.

“Basi andika na wewe.”

Chini ya jina la Khalil niliandika langu, na mbele yake, saa niliyofika.