Nyama ya Thiatira

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Chuo hakunipa hata kiti. Alinisimamisha mbele ya ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani mwa ofisi yake, akasema, "Mwalimu, nionyeshe Thiatira."

Nilikuwa nimetoka Iringa kumfuata mume wangu, bwana shamba aliyehamishiwa Songea kwa ajili ya zao la tumbaku. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nikajiona mwalimu hasa. Nikaweka kidole katikati ya Asia, karibu na Uchina. Padri yule, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alicheka mpaka akashika meza. "Umewapeleka mbali Wakristo wangu! Warudishe, mama, warudishe magharibi. Bado. Bado. Haya, hapo, Uturuki." Kisha akanieleza kwamba Asia inayotajwa katika Maandiko ilikuwa mkoa mmoja tu wa dola ya Warumi, kama sisi tulivyo na Mkoa wetu wa Ruvuma. Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia ni Mhehe. "Ala! Mtani wangu," akasema yule Mngoni. "Basi kuanzia leo mbwa wa chuo nitamfunga." Wangoni hututania Wahehe kwamba tunakula mbwa. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Chuo chetu, kule upande wa Matogoro, kiliwaandaa makatekista. Ninyi vijana mnaofundisha leo mnawaona makatekista kanisani mkadhani kazi yao ni kusoma matangazo. Katekista ndiye anayebeba kigango, yaani kanisa dogo la kijijini ambako padri hufika mara chache. Anafundisha watoto, anasali na wagonjwa, anazika, na asubuhi yake anashika jembe kama jirani zake. Kwa hiyo tulikuwa tunafundisha wakulima, watu wazima wenye mikono migumu, na Mkuu wa Chuo hakutaka mchezo na akili zao.

Kila Jumatatu nilimpelekea andalio la somo. Ni karatasi ambamo mwalimu anaonyesha atafundisha nini, kwa njia gani, na atajuaje kama ameeleweka. Langu la kwanza alilikata lote kwa wino mwekundu. Nilikasirika, sitaficha. Akaniambia, "Umeniandikia wafalme na vita. Mkulima ukimpa mji, mpe watu wa mji. Wakiamka asubuhi wanafanya nini? Wanagombania nini? Wanakula na nani?" Nikarudi nyumbani nikinung'unika njia nzima hadi Mfaranyaki, lakini tangu siku hiyo sikufundisha tena kwa njia nyingine.

Basi nikaitafuta Thiatira katika vitabu vya maktaba ya mapadri mpaka nikaipenda. Haukuwa mji wa fahari. Jirani zake, Pergamo na Sardi, walikuwa na majumba na majina. Thiatira ulikaa tambarare, bila kilima cha kuegemea. Uliwekwa askari wa Kimakedonia wailinde barabara, na jeshi lolote lililopita liliuchukua. Lakini mikono ya watu wake, jamani! Wafuma sufu, watengeneza ngozi, wafinyanzi, waoka mikate, wahunzi wa shaba, na juu ya wote watia rangi. Kila ufundi ulikuwa na chama chake, na majina ya vyama hivyo bado yanasomeka kwenye mawe yaliyochimbuliwa. Kwingine rangi ya zambarau ilitoka kwa konokono wa baharini. Inasemekana hawa, wakiwa mbali na bahari, walichemsha mizizi ya mmea wakapata wekundu ambao jua halikuufifisha.

Lidia, yule muuza vitambaa vya zambarau anayetajwa katika Matendo ya Mitume, alitoka huko. Alivuka bahari na vitambaa vyake hadi Filipi, akamsikia Paulo kando ya mto, akawafungulia mitume nyumba yake. Enzi hizo kwetu zilikuwa za ruksa, serikali ikiwa imelegeza masharti ya biashara. Soko lilikuwa limefunguliwa, na kina mama wa Majengo walikuwa wameanza kushusha marobota ya mitumba. Nikifika kwa Lidia darasa zima lilichangamka. "Kumbe mama alikuwa mfanyabiashara!" "Tena mwenye nyumba yake!" Nilikuwa nikitoka darasani natembea kama bibi harusi.

Sehemu ngumu ilikuwa karamu. Vyama vya Thiatira vilikula pamoja, na kabla ya kula nyama ilitolewa kwanza mbele ya sanamu ya mungu wa chama. Kuila kulikuwa ni kumkiri mungu huyo. Mkristo aliyekataa alitengwa na wenzake, na aliyetengwa hakupata kazi. Ndiyo maana barua waliyoandikiwa, moja ya zile saba za makanisa ya Asia katika kitabu cha Ufunuo, ni ndefu kuliko zote, ingawa mji wenyewe ulikuwa mdogo. Inawasifu kwa upendo na uvumilivu, kisha inawakemea waliosema kuleni tu, haina neno.

Katika darasa langu alikuwamo Osmundi, mrefu, mpole, mkulima wa tumbaku kutoka kijiji cha upande wa Namtumbo. Alisikiliza kwa mwili mzima. Kwenye mtihani wa mwisho alijibu swali la Thiatira vizuri kuliko ambavyo mimi ningelijibu. Alipohitimu na kurudi kijijini kwake, nilimwambia mume wangu kwamba hata nikifa leo, nimeacha mtu.

Msimu uliofuata mume wangu alirudi kutoka ziara ya vijijini, akaketi bila kuvua buti. "Mwanafunzi wako anaiua tumbaku ya watu," akasema.

Niwaeleze kwanza. Tumbaku ya kwetu ni ya moshi. Majani yakikomaa huchumwa na kutundikwa ndani ya bani, nyumba ndefu ya miti na udongo, moto ukawashwa chini mpaka yakauke na kuwa na rangi ya kahawia. Kujenga bani si kazi ya mtu mmoja, kwa hiyo watu huungana. Katika kikundi cha Osmundi, chenye Waislamu na Wakristo, bani lilikuwa la mjomba wake Mwislamu, Mzee Athumani, ndugu wa damu wa mama yake. Msitu wa kuni ulikuwa wa Wakristo. Kabla ya kuwasha moto wa kwanza wa msimu walikuwa na desturi ya kuchinja mbuzi na kula wote, na asiyekula hahesabiwi mwenzao. Aliyechinja alikuwa Mzee Athumani, maana kwetu, penye watu wa dini mbili, mnyama huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale. Hata padri wetu siku ya Krismasi alimwita jirani Mwislamu aje na kisu. Hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka huo Osmundi alisimama mbele ya sufuria akatangaza, "Mimi na Wakristo wangu hatuli. Nyama hii imesomewa dua ya wengine." Wenzake, kwa heshima ya katekista wao, wakaweka bakuli chini, macho bado yako kwenye mchuzi. Mzee Athumani hakupigana na mtu. Alifunga mlango wa bani kwa mnyororo, akaenda zake nyumbani. Upande mmoja ukabaki na kuni bila bani, na upande wa pili bani bila kuni. Shambani majani yalikuwa yameshaanza kuwa manjano. Zamani ushirika ungeweza kuwasubiri, lakini sasa wanunuzi walikuwa watu binafsi wenye malori yao, na lori la mtu binafsi halisubiri ugomvi wa mtu. Mvua moja kubwa, na jasho lote la mwaka la familia zile lingeoza mashinani.

Nilikimbilia ofisini. "Padri, mimi sikusema hivyo! Andalio langu lipo, ulilisaini mwenyewe!"

"Najua," akasema taratibu, jambo lisilo la kawaida yake. "Umemfundisha vizuri, akaenda kuitafuta Thiatira kijijini kwake. Alipoikosa akaijenga. Vaa viatu vya safari."

Tulifika wakati jua bado kali. Watu walikuja wakaketi mbele ya lile bani lililofungwa, Waislamu huku, Wakristo kule, njia katikati. Mzee Athumani alikuja wa mwisho. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia yangu na ya Padri. Ya Osmundi aliipita kama hakuisikia.

Nilidhani Padri atahubiri. Wapi! Alisema tu, "Mwalimu huyu ndiye aliyemfundisha katekista wenu habari za nyama. Nimemleta awafundishe ninyi nyote somo lilelile, neno kwa neno. Ni Mhehe kutoka Iringa."

"Mhehe?" Mzee Athumani akadakia. "Padri, umeniletea Mhehe aje kunifundisha nyama inayoliwa na isiyoliwa?"

Watu waliangua kicheko pande zote mbili. Mimi pia nilicheka. Nikachukua kijiti, nikachora barabara ya Thiatira kwenye udongo, na maduka, na mapipa ya watia rangi, na ukumbi wa karamu. Nikawaambia juu ya vyama, kwamba mtu bila chama hakuwa mtu. Wote walilielewa hilo upesi, maana ndilo lililokuwa limewakalia rohoni. Nilipofika kwenye nyama Mzee Athumani alinyoosha mkono.

"Hao walichinja kwa jina la nani?"

"La sanamu, Mzee. Mungu wa chama chao."

"Sanamu ya kuchongwa?"

"Ya kuchongwa."

"Astaghafirullahi!" Akatema mate pembeni. "Hiyo hata mimi nisingeigusa! Wangenifukuza kazi siku ileile pamoja na hao Wakristo wenu. Tungekaa nje wote na njaa yetu." Kisha akamgeukia Osmundi, na sauti ikapanda. "We Osmundi! Mama yako alipofariki ulikuwa unatambaa. Ulilelewa nyumba ya nani?"

"Yako, Mjomba."

"Nyama uliyokula humo ilichinjwa na nani?"

"Na wewe, Mjomba."

"Ilikufanya Mwislamu?"

"Hapana, Mjomba."

"Ilikufanya nini sasa?"

Osmundi aliinamisha kichwa. Aliposema, ilikuwa kwa sauti ya mtoto. "Ilinikuza."

Akainuka akaondoka bila kuaga. Nikaona sasa mambo yameharibika kabisa, nikamtazama Padri, naye akanifanyia ishara nitulie. Baada ya muda Osmundi akarudi akimvuta beberu wake mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya mjomba wake, akamkabidhi kamba kwa mikono miwili. Mzee yule alikuwa na kiburi, msidhani alikuwa malaika. Alimwacha mtu mzima wa watu apige magoti juani mpaka wanawake wakaanza kuguna. Ndipo akaipokea kamba. "Kisu changu ni butu," akasema. "Nenda kakinoe." Osmundi alikimbia. Jioni ile niliona moshi wa kwanza ukipenya kwenye paa la bani, na Padri, mtu wa sauti kubwa, alikuwa analia wazi bila kujifuta.

Baadaye Mkuu yule alihamishwa. Aliyemfuata, kijana msomi, alinipandisha kuwa mkufunzi wa semina za vigango, nikazunguka parokia nyingi. Mkurugenzi wa Katekesi wa wakati huo aliwahi kuniuliza kwa nini nafundisha mji mmoja mdogo siku nzima. Nikamwambia aketi darasani asikilize, na aliketi. Somo sikulibadilisha, ila kila nilipolimaliza niliwauliza wanafunzi: kwenu, nani amewekwa nje ya karamu, na nani amemweka? Majibu niliyoyapata yangeweza kujaza kabati. Nawaambia ninyi mnaoanza, msiogope kufundisha habari za mbali. Ogopeni kuziacha nusu.

Nilipokuwa nimekwisha kustaafu, padri mmoja alirudi kutoka hija huko Uturuki na picha zake. Nikaiona Thiatira kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Ni mawe machache na ukuta wa kanisa la kale, yamezungushiwa uzio katikati ya maduka. Mji sasa unaitwa Akhisari, maana yake ngome nyeupe. Wakazi wake ni Waislamu, na mashambani wanalima zeituni na tumbaku. Nilifurahi kwa ajili ya tumbaku, kisha nikalia. Kanisa lililosifiwa uvumilivu, nililolifundisha maisha yangu yote, halipo. Nilitaka kumwambia mtu, na aliyenijia moyoni hakuwa padri yeyote.

Nikaenda kijijini. Mzee Athumani alikuwa amezeeka sana, macho yameshaingia giza, na Osmundi alikuwa ameketi ubavuni pake akimlisha uji. Nikasimulia yote.

"Tumbaku!" mzee akashtuka. "Wanakausha kwa moshi?"

"Nimesikia ni kwa jua, Mzee."

"Wavivu." Akameza uji kidogo. "Na wale Wakristo?"

"Kanisa lao halipo tena. Labda amebaki mmoja, sijui."

Osmundi akamfuta mdomo kwa kiganja.

"Huyo mmoja," mzee akauliza, "anakula na nani?"

"Sijui, Mzee wangu."

"Basi muombee," akasema, "apate mjomba."