Mtihani Uliohama Chumba

Nimewahi kukaa karibu saa nzima kwenye chumba cha mtihani, nikisubiri mtihani uliokuwa unafanyika chumba kingine.

Ngoja niwape kisa chenyewe.

Naitwa Thobias. Sioni tangu nikiwa na miaka sita. Nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Kigoma, jina niachieni, na nilipanga chumba Buzebazeba.

Watu wanadhani shida ya chuo kwa asiyeona ni vitabu. Sikatai. Ila kubwa ni "mambo vipi Thobi", halafu viatu vinaondoka. Unasalimiwa na watu arobaini kwa siku, na wali wako unakula peke yako. Nimelia kwa hilo, siwafichi.

Darasani kulikuwa na binti anaitwa Brigita, mtoto wa muuza dagaa wa Kibirizi. Alikaa nyuma yangu. Siku moja nilimwomba anisomee ukurasa mmoja tu wa kitini, akanijibu kwa mkato kwamba hana muda. Nikamweka kwenye fungu la wanaojisikia.

Sasa, mtihani.

Nilishafeli masomo mawili. Nikikosa hili la tatu nadisko, chuo basi, narudi nyumbani Katonga kuanika dagaa.

Jana yake kundi la darasa la WhatsApp likalia. Simu yangu husoma maandishi kwa sauti, lakini ikikuta picha inasema "picha", basi. Nikauliza picha ya nini. Hakuna aliyejibu.

Saa moja na nusu asubuhi nikaingia chumba tulichozoea, nikaweka mezani mashine yangu ya nukta nundu. Kimya. Mara mtu akavuta kiti nyuma yangu, akaanza kubofya kalamu.

Nikatulia. Kama mwenzangu yupo, basi hapa ndipo.

Saa mbili ikapita. Saa mbili na kumi. Kalamu inabofywa tu. Nikaona haya kuuliza, maana nimechoka kuwa mtu wa kuuliza kila siku.

Ilipofika saa mbili na dakika ishirini na tano nikageuka.

"Samahani, wenzetu wako wapi?"

"Sijui." Alikuwa Brigita. "Nimekuona umekaa, nikajua hapa ndipo."

"Si mlitumiwa picha?"

Akaacha kubofya kalamu.

"Niliikuza mpaka ikawa ukungu. Thobias, macho yananiishia. Hata kile kitini chako sikuweza kukisoma. Usimwambie mtu. Mama hajui."

Nikaahidi. Roho iliniuma sana kwa jinsi nilivyomchukia bure.

Mama mmoja aliyekuwa anafagia nje ndiye aliyetusomea karatasi ya mlangoni: mtihani umehamia ukumbi wa chini. Tukaondoka mbio mbio, yeye kanishika mkono, mimi nahesabu ngazi kwa ajili yetu sote wawili.

Msimamizi akatusimamisha mlangoni.

"Dakika thelathini na nane. Mwisho ni nusu saa. Wewe Thobias ingia, hali yako tunaielewa. Lakini wewe binti, macho unayo."

Nikasubiri Brigita aseme ukweli wa macho yake. Hakusema. Alinibana mkono kwa nguvu, nikakumbuka ahadi yangu, nikanyamaza.

Halafu akaniachia. Nilisikia ndala zake zikipanda ngazi polepole, moja moja, anapapasa. Ukumbi mzima wanaona, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Nilifaulu. Sikufurahi hata chembe. Brigita alikosa mtihani ule, akaacha chuo. Kiti cha nyuma yangu kilikaa kitupu mwaka mzima, na sijawahi kuwa mpweke kama mwaka ule.

Mwezi uliopita ukaingia ujumbe wa sauti, kelele za wachuuzi wa Kibirizi zikisikika kwa mbali.

"Thobias, nimemwambia mama. Amelia, halafu kaniuliza kwa nini nilibeba peke yangu. Narudi chuo Novemba. Naomba unifundishe hizo nukta zako."

Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa na chumba kitupu: watu wawili wenye shida moja, kila mmoja anamtegemea mwenzake kwa sababu anaona haya kuuliza. Kama una shida, sema. Huenda aliyekaa nyuma yako anasubiri uanze wewe.

Na ninyi mnaotuma matangazo kwa picha, andikeni na maneno chini yake. Haichukui hata dakika.