Meno ya Mzee na Gitaa la Kwaya

"Mwenzangu, hivi kwenu mna panya wa namna gani, wanaoacha unga na kutafuna magitaa?"

Ndivyo jirani alivyomwuliza Mama Nyuzi siku moja, amesimama mlangoni mwa karakana na kikombe cha kuazimia chumvi mkononi. Alikuwa ameyaona magitaa yaliyotundikwa ukutani, kila moja lina alama za meno kwenye ncha ya kichwa.

"Si panya, dada," Mama Nyuzi akajibu, randa yake haijasimama. "Ni baba mkwe wangu."

Jirani akarudi kwake bila chumvi.

Lakini ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Mzee yule ndiye aliyemfundisha Mama Nyuzi kuunda magitaa, tangu alipoolewa pale na kuonekana ana mkono mwepesi kuliko mumewe, mwana wa mzee, ambaye mbao zilimkataa akakimbilia cherehani. Miaka ikaenda, masikio ya mzee yakafunga taratibu, mpaka ukitaka akusikie sharti umpigie kelele sikioni kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Ila Mungu hafungi mlango bila kuacha dirisha. Mzee aligundua kwamba akiuma kichwa cha gitaa, mtu akipiga nyuzi, sauti inapita kwenye meno mpaka ndani ya fuvu, nzima nzima.

"Masikio yamestaafu," alikuwa akisema, "meno bado yako kazini."

Tangu hapo gitaa halikutoka nyumba ile bila kuumwa. Wateja walizoea, na wengine wakawa wasumbufu: "Hili mbona halina meno? Nipe lililopita kwa mzee."

Tatizo lilikuwa hukumu yake. Magitaa aliyoyaunda mwenyewe enzi zake, alisema, yaliimba. Ya mkwewe aliyauma, akafumba macho, akayatoa kinywani na kusema neno moja tu: "Linaongea." Kila gitaa, linaongea. Mama Nyuzi angeitikia, "Asante, baba," kisha anakwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Katika sala zake alikuwa na ombi moja ambalo aliliweka mwisho, kwa aibu: Bwana, si kwa kutaka sifa, lakini hata moja tu, liimbe.

Ndipo kwaya ya kanisani ikaagiza gitaa. Mama Nyuzi akasema moyoni, ni hili. Uso wa gitaa aliutoa kwenye ubao wa benchi kuukuu la kanisa, ubao uliosikiliza mahubiri mengi kuliko wengi wetu. Ubavu aliukunja juu ya bomba la moto, polepole, kama anayembembeleza mtoto ale. Akatia gundi, akalifunga lote kwa mipira ya ndani ya baiskeli, likalala mezani kama majeruhi wa ajali.

Wakati huohuo meno ya mzee yaliyokuwa yamebaki yakang'oka. Mwanawe akampeleka kuwekewa ya bandia, meupe kama sahani mpya. Mzee akawa anacheka hata penye msiba.

Siku gitaa lilipokamilika, akaliuma. Mama Nyuzi akapiga nyuzi.

"Lina kitu kinagonga ndani," mzee akasema.

Hata kuongea halikuongea! Mama Nyuzi akalegeza nyuzi, akaingiza mkono tumboni mwa gitaa, akakagua kijiti kimoja kimoja kwa kioo na tochi. Akaongeza gundi. Akabadilisha nyuzi. Mzee akauma: "Bado linagonga." Mumewe akasikiliza, akasema hasikii kitu. Jirani akaitwa, akasema hasikii kitu, na ile chumvi je?

"Nyie hamna masikio," mzee akawaambia, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Asubuhi ambayo mwalimu wa kwaya angekuja kulichukua, Mama Nyuzi alikuwa ameshika patasi, tayari kulibandua gitaa uso. Mzee alikuwa ameegemeza kidevu kwenye meza ya cherehani, akimtazama mwanawe akishona.

"Na hii cherehani yako imelegea," akasema. "Inagonga vilevile."

"Cherehani yangu?" mumewe akaruka. "Niliyoitia mafuta jana?"

Mama Nyuzi akaweka patasi chini. Akatazama gitaa, akatazama cherehani, kisha akatazama kinywa cha baba mkwe wake. Akamvuta mumewe pembeni.

"Mwambie baba yako avue meno."

"Mwambie wewe. Fundi ni nani?"

"Mimi ni mkwe! Umeona wapi mkwe akamvua baba mkwe meno?"

"Na mimi ndiye niliyempeleka kuwekewa. Nikayavue tena?"

Wakiwa bado wanasukumana, mwalimu wa kwaya akabisha hodi. Mume akaona aibu ya mgeni ni kubwa kuliko aibu ya baba, akainama sikioni mwa mzee, akapiga kelele nyumba nzima ikasikia: "Baba! Kinachogonga ni meno!"

Mzee akageuka ukutani kwa heshima, akayatoa, akayatia mfukoni mwa shati.

"Nilikuwa nayavaa kwa ajili yenu," akasema. "Mimi yananiwasha."

Kinywa sasa hakikuwa na meno ya kuuma. Akalichukua gitaa, akaligeuza huku na huku, mwisho akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye paji la uso wake, mfupa kwa mbao. Mama Nyuzi akapiga uzi mzito, halafu mwembamba, halafu zote kwa pamoja.

Mzee akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka mwalimu wa kwaya akaanza kukohoa.

"Linaimba," mzee akasema.

Safari hii Mama Nyuzi hakwenda jikoni. Akaendelea tu kupiga nyuzi, maana mzee hakuinua kichwa.

Mwalimu akanyoosha mikono apokee mali ya kwaya. Mzee, macho bado yamefumbwa, akalikumbatia kama mtoto anayenyang'anywa muwa. Mwalimu akavuta kidogo. Mzee akavuta zaidi.

"Mwalimu," Mama Nyuzi akasema, "naomba utuachie mpaka Jumapili. Baba hajamaliza kusikiliza."