Mkia wa Fuko Juu ya Kaunta

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya agroveti moja, duka la pembejeo za kilimo, hapa Eldoret, nikingoja mbegu za sukuma wiki, wakati mama mmoja kutoka Ainabkoi alipofika kaunta. Alifungua leso, akaweka mbele ya muuzaji mkia wa fuko, yule mchimbaji wa chini ya shamba.

"Haiya, Mama! Nikupe ile dawa tena?"

"Dawa yako fuko anakula na ananenepa," akasema. "Huyu nimemshika mwenyewe."

Foleni nzima tukasogea. Akatuonyesha mtego wake kwa mkono: kiwiko kikawa kijiti kilichopindwa, vidole vikawa kitanzi cha waya. "Fuko hapendi mlango wazi. Ukifungua njia yake, lazima arudi kuziba." Mkono ukaruka juu, nasi tukaruka nyuma.

Viazi vyake, alitueleza, vilikuwa vinaliwa chini kwa chini, huku majani yamesimama tu yakimdanganya. Jirani yake akamwambia atafute mwanaume, eti mtego si kazi ya mama.

Mji huu umezoea kupokea mabingwa wa mbio kwa mursik, yale maziwa ya kibuyu, na ving'ora, lakini mimi sijaona bingwa aliyesimama wima kama yule. Mzee mmoja nyuma yangu alivua kofia.

"Sasa leo unanunua nini, Mama?"

"Sinunui kitu. Nilikuja uone."

Muuzaji akacheka, akauchukua mkia ili autundike ukutani, juu ya zile dawa zake. Mama akampiga mkono.

"Rudisha hapa. Jirani bado hajauona."