Sabufa Aliyonunuliwa Bibi

Sabufa mpya ina harufu yake: gundi, rangi nyeusi na ubao wa maranda unaoanza kupata joto. Harufu hiyo ilijaa sebuleni kwetu Chang'ombe kiangazi kile Bibi alipokuja kutoka Kongwa, muda mfupi baada ya matanga ya Babu. Babu alikuwa amelazwa hapa mjini, na Bibi, aliyebaki nyumbani kuangalia ng'ombe, hakuwahi kumwona tena akiwa hai. Baba alirekodi salamu za mzee kwa simu. Aliiacha pale kitandani ikiendelea kurekodi, akatoka kufuata chai. Sasa Bibi alitaka kusikia sauti ya mumewe, basi. Hakuja kwa jambo lingine. Lakini spika ya simu ni kidude kidogo kama ukucha, na masikio ya Bibi yalikuwa yamechoka. Aliibana sikioni, akaigeuza, akasema anasikia nzi.

Baba alikuwa akivuna zabibu Makutupora, nje kidogo ya mji wetu, msimu ule. Alipomaliza akapitia dukani, akarudi na sabufa. Aliichagua kama mtaa wetu mzima ulivyochagua, yaani kwa mdundo: muuzaji alifungulia muziki mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, Baba akaridhika. Hatukujua kwamba ndani ya spika kuna sumaku, koili ya waya na karatasi inayosukuma hewa, na kwamba karatasi pana hutoa besi, wakati maneno ya mtu, hasa mgonjwa anayeongea kwa shida, hubebwa zaidi na spika ndogo. Zetu ndogo, zilizokuja na sabufa, zilikuwa za kubahatisha tu, na Baba alizitundika juu kabisa, nyuma ya pazia, zisiharibu sebule. Sabufa yenyewe tukaiweka sakafuni kwenye kona, mahali ambapo kuta mbili huizidisha besi. Tuliona tumeiweka mahali pa heshima.

Tukaingiza memori kadi ya simu ya Baba. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu kabisa, kitenge kipya begani, mkono wake juu ya boksi. Babu akaanza kuongea, ikatoka ngurumo ya mtu aliye ndani ya pipa. Bibi akawa anaitikia kwa kichwa, taratibu. Salamu zikaisha, ukabaki mvumo mtupu, naye bado anaitikia.

"Umemsikia, mama?" Baba akauliza.

"Nimemsikia, mwanangu. Mungu akubariki."

Baba akafuta macho. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa Bibi, nikajua kwamba hajasikia hata neno moja. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa dirishani wakisubiri muziki, na ningesema, Baba angeirudisha sabufa dukani. Asubuhi ya kuondoka, Bibi aliniita pembeni, Baba asisikie. "Neema, babu yako alisema nini?" Nikamjibu, "Anakusalimia, Bibi," na nikakimbilia ndani kubadilisha wimbo. Bibi alifariki kabla ya mvua za mwaka ule. Nimejaribu kujitetea kwamba nilikuwa mtoto, ila moyo wangu haujawahi kuukubali utetezi huo.

Siku hizi nina nyumba yangu, na nilipokwenda kununua spika sikuuliza wati. Nilimwomba muuzaji azime muziki, afungulie taarifa ya habari, nisikilize sauti ya mtu mmoja akiongea. Nimeziweka usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, mbali kidogo na ukuta. Wageni wangu hunitania kwamba hazina mdundo, na ni kweli. Juzi Baba alinikabidhi ile memori kadi, nikaifungua peke yangu. Salamu nilizijua. Lakini pale tulipodhani zimeisha, Baba akiwa amefuata chai, kumbe Babu bado anaongea, kwa Kigogo, pumzi ikimkatika. Hakuna aliyemweleza mzee kurekodi ni kitu gani. Alidhani amepigiwa simu na Bibi yuko upande wa pili. Anamwuliza kama ameshakula. Halafu anakaa kimya muda mrefu, anasubiri ajibiwe. Kisha anauliza tena.