Mvua ya Mama Mutisya

Watu wa Makongeni wakisema Syombua alimharibia mwanawe maisha, mimi huwanyamazisha. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, nikamwazima chumvi, nikamgombeza kwa kuanika nguo kwenye kamba yangu. Mimi nina haki ya kumsema. Wao hawana.

Mumewe, Munyoki, alikuwa fundi wa reli, na nyumba zetu zilikuwa za reli. Ukistaafu, unarudisha funguo. Munyoki alikuwa anastaafu katikati ya ule mwaka wa themanini na nne, na tegemeo lote lilikuwa kwa Mutisya, kifungua mimba wao. Kijana alikuwa akisomea umeme katika chuo kimoja cha ufundi, lakini hakuna aliyemjua kwa nyaya. Alijulikana kwa mpira. Alikuwa mwembamba, mwepesi, winga wa kulia, na kwenye uwanja mkavu mabeki walibaki wakitazama mgongo wake. Siku hizo kampuni kubwa zilikuwa na timu zao, na mchezaji akichukuliwa alipewa kazi pia. Kocha alimwambia kuna bwana mmoja wa kampuni angekuja kumtazama kwenye fainali ya vyuo. Akimpenda, basi, familia ingepanga vyumba Makadara na kubaki Nairobi. Asipompenda, ni kurudi Kitui.

Na Kitui kulikuwa kumekauka. Masika yalikataa, mbuzi walikuwa wakifa, na kila mara mtu wa ukoo alibisha mlango kuomba unga. Kwa hiyo Syombua na akina mama wa kanisa lake wakaanza kufunga na kuomba mvua. Niliwasikia kupitia ukutani, sauti yake juu ya zote. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana akaitwa jina hilo, na nadhani aliamini Mungu angemsikiliza yeye kwanza. Hakuna aliyeyaweka pamoja mambo hayo mawili, ile mvua na ile fainali, hata Mutisya mwenyewe, aliyekuwa akiitikia amina.

Siku ya fainali tulitembea pamoja mpaka uwanjani, kando ya Barabara ya Jogoo. Munyoki alibeba koti lake la mvua la reli, zito, jeusi, kwa mazoea tu. Kipindi cha kwanza Mutisya alimchezea beki wa watu mpaka nikamhurumia. Bwana wa kampuni, mwenye tai nyekundu, alisimama kabisa ili amwone vizuri. Munyoki alinifinya mkono bila kujua ni wangu.

Kipindi cha pili kilipoanza tu, mvua ikamwagika.

Syombua aliinuka. Akatupa mikono juu, akapiga vigelegele, akaanza kumwimbia Mungu kwa Kikamba, maji yakimtiririka usoni. Uwanja mzima ulimgeukia.

"Mathe, si ukae chini bana!" kijana mmoja nyuma yetu akapiga kelele. "Tunaona mgongo yako tu!"

Hakusikia. Akili yake ilikuwa Kitui, inapanda mahindi. Lakini Mutisya alisikia. Alisimama kule pembeni mwa uwanja, akamtazama mama yake akishangilia, na sura aliyokuwa nayo sitaki kuiona tena kwa mtoto wa mtu.

Refa alitaka kusimamisha mchezo. Wakubwa wakakataa, kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa ameshafika na kombe liko mezani. Wao walikuwa chini ya paa. Njumu za Mutisya zilikuwa za kuazima, meno yameisha, na kwenye yale matope alikuwa kama mtu aliyevaa slipa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Watu wale wale waliomshangilia wakaanza kumzomea.

Karibu na mwisho, bado hakuna bao, akampita beki, akampita na kipa. Goli likabaki wazi. Akausukuma mpira taratibu, nasi tukaruka. Ukaenda, ukafika kwenye dimbwi mbele ya mstari, ukakwama. Beki akaja mbio akaupiga nje. Bwana wa tai nyekundu alicheka, akafungua mwavuli wake, akaelekea kwenye gari. Hatukumwona tena.

"Mungu atakupa siku nyingine," Syombua alimwambia mwanawe jioni ile. "Fikiria nyumbani tu. Leo wamelala na furaha."

"Sawa, Mama," Mutisya akajibu.

Wiki iliyofuata akaja Matheka, ndugu wa Munyoki, kutoka Kitui. Syombua alimkimbilia mlangoni.

"Shemeji, mmeshapanda?"

"Kupanda nini?"

"Si mvua imenyesha?"

"Mvua gani, shemeji? Huko hata wingu hatujaona."

Ndipo nikamsikia Mutisya akicheka ndani. Alicheka vibaya, kwa muda mrefu, kisha akatoka bila kumtazama mama yake. Alipata kibarua cha kubeba magunia Majengo, akahamia huko huko, na chuo akakiacha. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini siku ile nilimkasirikia Mungu, na sijamwomba msamaha.

Syombua hakuomba tena kwa sauti. Nyumba ilipotakiwa, lori likaja, na Mutisya hakuja kuwaaga. Jua lilikuwa likiwaka. Tulipomaliza kupakia, Syombua akashuka na lile koti la reli, akaliweka mikononi mwangu.

"Hili libaki kwako, Mama Njoki," akasema. "Nikifika nalo kule, watu watanicheka."