Kufuli za Biti Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, nikasimama nje ya lango la kampuni ya mashine za hospitali, kule karibu na mtaa wa Nyayo Highrise, nikijifanya nasubiri mtu. Nilikuwa nimetoka mtaa wa Kawangware 46, ambako nilitengeneza kompyuta za watu kwenye kibanda cha mabati, na nilikuwa na hakika hawa watanifukuza kabla ya chai ya saa nne. Chifu Injinia, mzee wa maneno machache, alinionyesha kadi ya umeme inayotoshea kiganjani.

"Hii ndiyo akili ya mashine ya watoto wachanga," akasema. "Memori yake ni ndogo. Ukipoteza hata biti moja, Mama Ndinda, nitajua."

Nikaogopa. Na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii niwaambie ukweli: ile hofu haikunitoka mpaka nilipostaafu.

Mashine yenyewe ilipima oksijeni kwenye damu ya watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Waya mdogo unafungwa mguuni, nambari inatokea kwenye skrini, ikishuka kengele inalia. Ndani yake kuna kerneli, ile programu ya chini kabisa inayogawa kazi: hii isome waya, hii ichore skrini, hii ipige kengele. Ili kazi mbili zisigombanie data moja, kila data ina kufuli. Anayeitaka anafunga, anatumia, anafungua, mwenzake anangoja.

Mliokaa kwenye ploti, vile vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, mnajua bafu la pamoja. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari. Ukikuta haupo, kuna mtu ndani, subiri. Ni nani, hujui. Kufuli ya biti moja ni hivyo hivyo. Biti ni chembe ndogo kuliko zote ya memori, inabeba sifuri au moja tu: sifuri iko wazi, moja imefungwa, basi. Kufuli kamili inajua imeshikwa na nani, lakini inakula memori, na sisi data tulikuwa nazo tele. Kwa hivyo tulitumia biti moja iliyobaki pembeni mwa data yenyewe, na Chifu Injinia alijivunia sana hilo.

Tatizo lilikuwa moja. Kerneli ina mkaguzi, programu inayotazama kufuli zinavyofungwa na kupiga kelele ikiona mpangilio mbaya. Mkaguzi anataka jina la kila kufuli, na kwenye biti moja jina utaliweka wapi? Kwa hivyo zile zetu hakuziona kabisa.

Chifu Injinia alistaafu, akaja Meneja wa Uzalishaji, mtu mchangamfu wa kupenda kumaliza mambo. Hakuwa amekaa sana kazini, Sista, muuguzi wa kliniki moja ya Lindi, mtaa wa mabanda jirani na kazini kwetu, akapiga simu. Mtoto alikuwa amebadilika rangi, midomo samawati, na skrini bado inasema tisini na tano. Kengele kimya. Alimuwahi kwa sababu tu alikuwa anambadilisha nepi.

"Mwambie azime, awashe," Meneja akasema. Mashine ikawashwa, ikafanya kazi vizuri kabisa.

"Bosi, nambari nzuri iliyokwama ni mbaya kuliko skrini nyeusi," nikamwambia. "Hizi ni kufuli; kuna kazi inangoja ufunguo usiorudi. Niruhusu nimfundishe mkaguzi kuona zile za biti moja."

"Una mpaka mzigo mwingine wa mashine utoke," akasema. "Haraka, lakini."

Wiki hiyo hiyo binti yangu Ndinda, aliyekuwa amepanga chumba Lindi na mumewe, akajifungua mapema. Mtoto wa kike, mdogo wa kutisha. Nilipofika nilimkuta amefungwa waya mguuni, na kando yake iko mashine yetu.

"Mum, si hii ni ya kazi yenu?" Ndinda akaniuliza, macho yanang'aa. "Aki nimeshukuru. Sasa nitalala."

Woi! Nilimshika mkono. "Usilale. Skrini usiiangalie. Angalia kifua chake kikipanda na kushuka."

"Kwani ina nini?"

"Sijui bado. Ndiyo naitafuta."

"Hujui?" Aliniangalia kama mtu asiyenifahamu. "Mnaweka watoto wetu hapo na hamjui?"

Nilimwomba Sista mashine nyingine. Hakukuwa na nyingine, na bila mashine ingekuwa mbaya zaidi. Tulimwachia hiyo hiyo.

Nilirudi kazini. Kwa kuwa jina haliwezi kuingia ndani ya biti, niliamua likae nje: kila mahali programu inapofunga kufuli, ilazimike kumwambia mkaguzi kufuli hiyo ni ya ukoo gani. Zote za data ya waya ni ukoo mmoja, zote za skrini ni ukoo mwingine. Koo ni chache, memori ikatosha. Tena mkaguzi huyu angekaa kwenye mashine za majaribio tu; zinazokwenda kliniki zisibebe mzigo wake.

Niliwasha mashine ya majaribio nikaisubiri ikwame. Siku nenda, siku rudi, wapi! Kila simu ikilia nilidhani ni Ndinda. Mwishowe asubuhi moja nikaishusha nambari kwa makusudi ili kengele ilie. Ikalia vizuri. Na mkaguzi naye akapiga kelele.

Kazi ya kusoma hufunga kufuli ya waya, kisha ya skrini. Kazi ya kengele hufunga ya skrini, kisha ya waya. Zikikutana katikati, kila moja imeshika inachotaka mwenzake, na hakuna itakayoachilia. Uzuri wa mkaguzi ni kwamba hangoji zikutane. Akiona njia hizo mbili kila moja peke yake, inamtosha. Kazi ya kengele huamka pale tu oksijeni inaposhuka. Yaani mashine ingekwama wakati ule ule mtoto anapoihitaji.

Nilimkimbilia Meneja. "Lakini kengele imelia," akasema. "Nitasimamishaje mzigo kwa kitu ambacho hakijaharibika? Usimwamshe aliyelala, utalala wewe."

"Aliyelala ni mjukuu wangu!" Nilipaza sauti mpaka ofisi nzima ikageuka. "Twende Lindi sasa hivi. Ukae kando yake uangalie skrini tu. Kifua usikitazame. Ukiweza, toa mzigo wako."

Akachukua simu akasimamisha mzigo.

Kurekebisha kwenyewe kulikuwa mistari michache: kila kazi ianze na kufuli ya waya. Niliipeleka Lindi mwenyewe. Ilibidi mashine izimwe nikiweka programu mpya, na wakati huo wote Sista alikuwa ameweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, naye Ndinda anahesabu pumzi kwa sauti, akikosea na kuanza upya. Skrini ikarudi. Tisini na tatu, tisini na nne, tisini na tatu. Nililia pale pale mbele ya wamama wengine, sikujali.

Kisha nikaendelea na kazi, kliniki baada ya kliniki, mpaka umri ukafika. Siku ya kuniaga kulikuwa na keki na hotuba, na Meneja akasifu memori niliyookoa. Ndinda alikuja na binti yake, ambaye sasa anakimbia hatulii mahali. Watu walipoanza kutawanyika alinivuta pembeni.

"Mum, sasa umetoka. Wale watoto wengine, hizo kufuli zao nani anaziangalia?"

Nilimwambia wapo vijana. Niliowafundisha walikuwa wameshahamia kazi nyingine, lakini lazima wapo.

"Kina nani?" akauliza.

Sikuwa na jina hata moja la kumpa.